Zambarau Hadi Kwenye Altaneta

Honi ya gari la Pijo la Mzee Kibiwott ilianza kushuka sauti kabla msafara haujafika Kiminini. Wakati wa kutoka Kitale ilikuwa ikilia paaa, nene na wazi, na magari yaliyofuata yakaitikia kama kwaya. Baadaye kidogo ikawa baaa. Walipokaribia Kiminini ikawa meee, na magari ya nyuma, kwa ukorofi wa sherehe, yakajitahidi nayo kulia meee.

"Baba Jerono," alisema Senge Rispah kutoka kiti cha nyuma, "umefunga mbuzi hapo mbele?"

"Ni upepo," alijibu Mzee Kibiwott.

"Upepo gani wa kulia ndani ya gali?"

Senge Rispah alikuwa shangazi wa bwana harusi; kwao shangazi huitwa senge, na r mara nyingi husemwa l. Ukoo wake ulimtuma kutoka Bungoma kuja kumchukua bibi harusi kwa baba yake, na aliketi na bunda la leso mapajani kama karani mwenye faili. Leso zilikuwa na kazi maalumu. Katika ukoo wao, bibi harusi akitoka mlangoni kwa babake, kiatu chake hakigusi udongo mpaka afike mlango wa kanisa. Anapokanyaga, anakanyaga leso.

Bibi harusi aliyekuwa kando yake aliitwa Jerono. Alifundisha umeme wa magari katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kitale, na kwa muda mrefu sasa hakuwa akitazama uso wa baba yake wala mashamba ya mahindi yaliyokuwa yakipita dirishani. Alikuwa akitazama taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, yenye mchoro wa betri.

"Baba, hiyo taa ilianza kuwaka lini?"

"Gani?"

"Ya betri."

"Hiyo? Hiyo inawaka tu. Haina neno."

"Lini?"

"Wiki hii hivi."

"Wiki hii gari lilifanyiwa nini?"

Mzee Kibiwott hakuwa na kipaji cha kudanganya, kwa hiyo alikaza macho barabarani. "Liliogeshwa," alisema.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Injini inapozunguka, mkanda huzungusha altaneta, na altaneta ndiyo inayolisha umeme kila kitu garini na kuirudishia betri ilichotumia kuwashia. Ikilisha vizuri, betri husoma volti kumi na nne na kitu. Ikilisha kidogo, gari huanza kula akiba ya betri, kimya kimya, mpaka akiba iishe. Na Pijo siku hiyo ilikuwa na matumizi. Taa kubwa zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Taa za hatari zilikuwa zikipepesa pande zote mbili. Juu ya paa kulikuwa na spika mbili za kwaya, zilizounganishwa na amplifaya iliyonyonya umeme wa gari kama ndama. Na kila baada ya kona, honi.

"Baba, zima taa kubwa. Zima spika. Honi usiiguse tena. Tutafika."

"Ati nini?" Senge Rispah aligeuka mzima mzima. "Bibi alusi hapelekwi kimya kama maiti! Piga honi, Baba Jerono. Piga, wasikie!"

Mzee Kibiwott alitazama kioo, akaona nyuso mbili, akachagua ile ya ukweni. Alipiga. Meee.

Ndoa ilipangwa kufungwa saa nne, katika kanisa moja mjini Bungoma. Msafara ulipaswa kuondoka Kitale saa moja. Uliondoka saa mbili u nusu, kwa sababu shangazi wa pande zote mbili walishindana kuimba langoni na hakuna upande uliotaka kuwa wa kwanza kunyamaza. Pasta alikuwa na maharusi wengine saa sita kamili. Alikuwa amesema wazi mbele ya kamati nzima ya harusi kwamba saa sita ikifika hatamfungulia mtu mlango, na kwamba baada ya Jumamosi hiyo angeenda kwenye mkutano wa kanisa na kurudi mwezi unaofuata. Ndoa ingeweza kungoja mwezi unaofuata. Lakini fahali wawili walikuwa tayari wamo sufuriani, na nyama ikishaiva haiahirishwi.

Kufikia Kamukuywa, mbele ya soko, Pijo ilikohoa, ikazima, ikateleza pembeni kwa heshima na kusimama katikati ya wauza ndizi.

Kila mtu alishuka isipokuwa bibi harusi, ambaye desturi ilimkataza. Wanakamati walishuka, wote wakiwa na tai za zambarau, kwa kuwa zambarau ndiyo rangi iliyochaguliwa baada ya mikutano mitatu na ugomvi mmoja. Wauza ndizi walikuja pia. Katika dakika chache kulikuwa na watu wengi kuzunguka Pijo, na kila mmoja alijua tatizo.

"Ni petroli chafu."

"Hapana bana, hiyo ni plagi."

"Mimi nilikuwa na gari kama hii. Unaipiga nyundo hapa kwa altaneta, tu! tu! Inaamka."

Sauti iliyoshinda ilikuwa ya Absalom, binamu wa bwana harusi, aliyekuwa akiendesha pikapu iliyobeba vyombo vya bibi harusi. Absalom alikuwa na sauti ya kushinda mikutano. "Ni betri tu! Betri imekufa! Mzee, betri ya pikapu yangu iko sawa. Tubadilishane, hii yako niweke kwangu, mnisukume, twende. Mambo ni halaka."

Jerono alisikia kupitia dirishani. "Shemeji, betri haijafa. Imelala njaa. Tafuta ni nani anayeinyima chakula."

"Shemeji, wewe leo ni bibi alusi. Tulia upendeze."

"Sawa," alisema Jerono. "Badilisheni. Kama ni betri, hatutasimama tena. Kama si betri, hiyo mpya nayo itaanza kulia mbuzi, na tutajua."

Hakusema hivyo kwa hasira. Jaribio baya ni afadhali kuliko ubishi, mradi mtu asome matokeo yake.

Boneti ilifunguliwa, ikamziba asione mbele. Kisha likatokea jambo ambalo si la kawaida boneti inapofunguliwa: watu walishangilia. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mtu mwingine alisema, "Haki ya nani, hii nayo!" Jerono aliona baba yake akitoka nyuma ya boneti akiwa amenyoosha mabega.

"Wanashangilia nini?" aliuliza.

"Wanaipenda injini," alisema Mzee Kibiwott.

Betri zikabadilishwa. Pikapu ilisukumwa na kamati nzima, ikawaka. Pijo iliwashwa kwa ufunguo, ikawaka mara moja. Honi ikalia paaa, kamati ikaruka juu, na Absalom akapita dirishani kwa Jerono akicheza mabega. "Nilisema mimi! Nilisema!"

Kamukuywa iliisha, na Senge Rispah akaongoza wimbo wenye kiitikio cha honi. Katika ubeti wa kwanza honi iliitikia vizuri. Katika ubeti wa nne iliitikia kwa shida. Waliposhuka kuelekea Misikhu, wimbo ulifika mahali pa kiitikio, Mzee akabonyeza, na mbuzi akajibu.

Senge Rispah akaanza kucheka. Alicheka mpaka leso zikamwanguka mapajani. "Ameludi!" alisema. "Yule mbuzi ameludi!" Mzee Kibiwott alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaanza naye, na Jerono akacheka mpaka shela ikamwingia mdomoni.

"Baba, simama," alisema alipoweza. "Simama sasa hivi, na injini usiizime. Ikizima sitaweza kupima chochote."

Walisimama Misikhu, kando ya barabara, karibu na kinu cha kusaga mahindi. Pikapu ikasimama nyuma yao. Jerono alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji Absalom! Zima injini yako, halafu piga honi."

Absalom alizima, akapiga. Kwenye pikapu kulitoka paaa iliyowatoa nje watu wa kinu.

"Hiyo ni betri gani?"

Absalom alifikiri. "Ya Mzee."

"Ile iliyokufa?"

"Eh. Imefufuka."

"Imelishwa. Umeiendesha kutoka Kamukuywa, altaneta yako ikaishibisha. Na yako, iliyokuwa nzima, huku imekufa njaa. Kwa hiyo tatizo halitembei na betri. Limebaki kwenye gari letu." Akamgeukia shangazi. "Senge, nataka kushuka."

"Hushuki. Kanisa liko Bungoma."

"Nisiposhuka hatufiki Bungoma."

Senge Rispah aliipima hoja hiyo kwa muda mfupi, akaona haina tundu. "Basi hutakanyaga udongo," alisema, akafungua mlango, akaanza kutandika.

Kutoka mlango wa nyuma mpaka boneti kulihitaji leso zaidi ya alizokuwa nazo, kwa sababu bibi harusi wa aina hii hasimami mahali pamoja. Wanawake wa kinuni walivua za kwao, zilizojaa unga, wakaongeza. Jerono akatembea, gauni limekusanywa mkononi, na leso ya nyuma ikawa inaokotwa na kukimbizwa mbele kabla hajafika.

"Naomba mita yangu," alisema. "Iko kwenye vyombo."

"Vyombo gani?" Absalom aliuliza.

"Ndani ya sufuria, sufuria iko ndani ya blanketi. Sijui blanketi gani."

Hivyo basi vyombo vya bibi harusi, ambavyo desturi inataka vishushwe kwa wakwe kimoja kimoja kwa nyimbo, vilishushwa Misikhu. Sufuria zilipangwa ukingoni mwa barabara. Blanketi zilitikiswa. Wapita njia walisimama kukagua, na mama mmoja mwenye debe la mahindi kichwani alitoa maoni kwamba masufuria ni mazito na msichana ametoka nyumba ya maana. Absalom aliipata mita katika sufuria ya saba, akaiinua juu kama kombe la mpira, na watu wa kinu wakampigia makofi.

Wakati huohuo simu ya Jerono ililia. Alikuwa Sifuna, bwana harusi, akizungumza kwa mnong'ono wa mtu aliye madhabahuni.

"Jero, mko wapi? Pasta ameanza kuangalia saa."

"Misikhu. Nitakupigia, napima."

"Unapima nini?"

"Altaneta."

"Wewe mwenyewe? Na gauni?"

"Gauni halizuii."

"Nimwambie Pasta nini?"

"Mwambie dakika ishirini, halafu barabara."

Akakata simu, akazunguka boneti iliyokuwa wazi, akatazama ndani kwa mara ya kwanza. Akasimama.

Injini ilikuwa zambarau. Si vifuniko tu. Kishikio cha betri kilikuwa zambarau. Tangi la maji ya kuoshea kioo, bomba za radieta, kila bolti iliyoonekana, vyote vilikuwa vimepuliziwa rangi kwa ustadi, koti mbili, moja juu ya nyingine, na kung'arishwa. Katikati ya yote, ikizunguka kwa unyenyekevu, ilikuwa altaneta ya zambarau.

"Baba," alisema Jerono.

"Ni zawadi," alisema Mzee Kibiwott upesi. "Walipokuja kwa mahari, hawa wakwe zako walifungua boneti. Unakumbuka? Huyu Absalom akasema injini yangu inafanana na jiko. Mbele ya watu. Nikasema, sawa, siku ya harusi mtafungua tena. Fundi alitoa kila kitu, akapaka kimoja kimoja, akarudisha. Kila kitu! Rangi ya kamati, Jero. Hata mahali jicho halifiki."

"Hapo ndipo kuna shida," alisema Jerono. "Nishikieni shela."

Senge Rispah akashika shela kwa mikono miwili na kuiweka mbali na feni. Jerono akawasha mita na kuanza kupima, akitaja kila namba kwa sauti, kama afanyavyo darasani, na kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kufanya, umati ukawa unarudia namba baada yake.

Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye hasi. "Kumi na moja nukta nane."

"Kumi na moja nukta nane!" walisema watu wa kinu.

"Injini inazunguka, kwa hiyo hapa palitakiwa pawe kumi na nne. Ni kidogo mno. Sasa kwenye altaneta yenyewe." Alisogeza ncha moja kwenye waya mnene unaotoka altaneta, na nyingine akaikandamiza kwenye ganda lake mpaka ikatoboa rangi. "Kumi na nne nukta mbili."

"Kumi na nne nukta mbili!"

"Kwa hiyo si mgonjwa," alisema yule mtu wa nyundo aliyekuwa amefuata msafara tangu Kamukuywa kwa bodaboda, kwa sababu ya kutaka kujua mwisho.

"Si mgonjwa. Anapika vizuri. Chakula kinapotelea njiani. Njia ni mbili: umeme huenda kwenye betri kwa waya, na hurudi kwa chuma cha injini, hiyo ndiyo athi. Tupime njia ya kwenda." Kutoka waya wa altaneta mpaka chanya ya betri. "Sufuri nukta moja. Hakuna kilichopotea. Sasa njia ya kurudi." Kutoka ganda la altaneta mpaka hasi ya betri. Mita ikafikiri. "Mbili nukta tatu."

Umati ulirudia, lakini kwa sauti ya chini, kama watu walioambiwa jina la mwizi.

"Jumlisheni," alisema Jerono. "Kumi na moja nukta nane, na sufuri nukta moja, na mbili nukta tatu."

"Kumi na nne nukta mbili," alisema mama mwenye debe, bila kulitua.

"Hesabu imefunga. Altaneta hii haina waya wa athi. Athi yake ni masikio yake mawili, pale inapofungwa kwa bolti kwenye kishikio cha injini, chuma kwa chuma. Baba, fundi alipaka masikio?"

"Pande zote," alisema Mzee Kibiwott, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa fahari kamili.

"Na kishikio?"

"Pia."

"Basi katikati ya chuma na chuma kuna koti nne za rangi ya kamati. Umeme unapenya kwenye nyuzi za bolti tu, kwa kujibana. Lazima tukwangue."

"Hapana," alisema Mzee.

"Baba."

"Hapana, Jero. Hii rangi haiguswi kabla wakwe wote hawajaiona. Niliwaahidi. Afadhali tuvutwe kwa kamba."

"Uingie Bungoma kwa kamba?" aliuliza Senge Rispah, na kwa jinsi alivyouliza ilikuwa dhahiri kwamba aibu hiyo ingesimuliwa na wajukuu. Absalom aligeuka kando akauma tai yake.

Jerono hakubishana. Aliagiza kutoka kwenye pikapu nyaya nene zenye meno ya koleo, zile za kuazimia gari lingine umeme, akachagua moja. Koleo moja akalibana kwenye hasi ya betri. La pili akampa baba yake.

"Shika hili. Ninapokwambia, libane hapa kwenye ganda la altaneta, mahali nilipotoboa. Angalia mkono na feni. Senge, soma mita."

"Mimi?"

"Unajua namba."

Senge Rispah akaikabidhi shela kwa Absalom, akachukua mita kwa heshima. "Kumi na moja nukta saba," alisoma.

"Baba, bana."

Mzee Kibiwott alibana. Injini ilibadilisha sauti kidogo, kama mtu aliyetwishwa mzigo anaouweza. Taa kubwa, ambazo zilikuwa za rangi ya chai, zikawa nyeupe.

"Kumi na tatu," alisoma Senge Rispah. "Kumi na tatu nukta tano. Inapanda! Kumi na nne! Lo, kumi na nne nukta moja!"

Mtu fulani, hakujulikana nani, aliingiza mkono dirishani na kubonyeza honi. Paaaa. Mzee Kibiwott aliruka, akaachia koleo. Meee. Akalirudisha. Paaaa. Akatoa, kwa makusudi sasa. Meee. Umati ulikuwa unashika mbavu. Mzee alibana na kuachia, kubana na kuachia, na mtu wa honi akafuata, paaa, meee, paaa, meee, mpaka mama mwenye debe alipolazimika kulitua kwanza ili acheke vizuri.

"Sasa nimeamini," alisema Mzee akifuta macho. "Lakini tuache hii waya hapa hapa, twende nayo."

"Itatikiswa, itaanguka kwenye feni, na feni itaitupa kwenye radieta. Baba, nisikilize. Tunakwangua ndani tu. Pale sikio linapogusana na kishikio. Likifungwa, hakuna jicho linalopaona. Nje panabaki zambarau."

Mzee Kibiwott aliinamia injini. Aliangalia sikio la kwanza, akaangalia la pili, akapitisha kidole. Ahadi yake kwa wakwe ilihusu kinachoonekana.

"Ndani tu?"

"Ndani tu."

"Lete spana," alisema, akivua koti la suti. "Nitafanya mwenyewe. Wewe una mkono mzito kwa rangi."

Injini ikazimwa. Jerono akatoa kwanza waya wa hasi kwenye betri, kwa sababu kanuni haijali ni siku gani. Mzee alilegeza mkanda, akachomoa bolti, altaneta ikashuka mikononi mwa binti yake. Absalom alileta kutoka kwenye vyombo waya laini wa kusugulia sufuria, mpya, bado uko kwenye karatasi. Baba akasugua masikio na binti akasugua kishikio, wameinama bega kwa bega, huku Senge Rispah akiimba wimbo wa kumuaga binti, aliobadilisha maneno yake ili yaitaje altaneta. Zambarau ilianguka kama unga. Chini yake chuma kilitokea, cheupe.

"Hapo bado," Jerono alisema.

"Hapo nimemaliza."

"Bado, Baba. Naona doa."

"Wewe mtoto unafundisha watu kwa ukali."

"Wanafaulu."

Walirudisha altaneta, wakakaza bolti, wakakaza mkanda mpaka ukawa unabonyea kidogo tu chini ya kidole gumba. Kwa kuwa betri ya Mzee sasa ilikuwa na nguvu zaidi, ilirudishwa kwenye Pijo, na ya Absalom kwenye pikapu, na kamati ikasukuma tena. Pijo iliwashwa. Senge Rispah hakungoja kuambiwa. Alikuwa tayari ameweka ncha za mita kwenye betri.

"Kumi na nne nukta mbili," alitangaza. "Na ile njia ya kuludi?" Alipima mwenyewe, ganda hadi hasi. "Sufuli nukta sufuli tano. Hiyo ni nzuri?"

"Hiyo ni nzuri sana, Senge."

"Nilijua," alisema Senge Rispah.

Vyombo vilirushwa kwenye pikapu bila nyimbo wala mpangilio. Leso za kinuni zilirudishwa kwa wenyewe, isipokuwa moja ambayo mama wa kinu alikataa kuipokea, akisema bibi harusi aende nayo. Na Pijo iliteremka kuelekea Webuye na taa zote, spika zote na honi yote, ikaipita Lugulu kwa kelele iliyotoa watu madukani, na kila walipokutana na kituo Jerono aliinama mbele kutazama dashibodi. Taa nyekundu ilikuwa imezimika. Aliendelea kuitazama hata hivyo. Kuzimika kwake kulikuwa kuzuri kuliko maua yote.

Waliingia uwanja wa kanisa zikiwa zimebaki dakika chini ya ishirini kabla ya saa sita. Msafara wa maharusi wa pili ulikuwa tayari umefika, umejipanga chini ya ukuta kwa kijani na dhahabu. Pasta Mukhisa alikuwa mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa. Alitazama saa, akatazama gauni jeupe lenye alama ya kidole gumba cha zambarau kiunoni, akasogea kando.

Sifuna alikuwa mbele, amesimama wima kwa namna ya mtu ambaye amesimama hivyo muda mrefu na magoti yamesahau kukunjika. Jerono alipofika kando yake, alimwinamia.

"Ilikuwa nini?"

"Athi. Rangi kwenye masikio."

"Ya nani?"

"Nitakueleza."

Pasta Mukhisa alipanda mimbarani na rundo la karatasi. Waumini wake walilijua rundo hilo. Katika harusi zake, mtoto aliyeingia ananyonya aliweza kutoka amekwisha kulala, kuamka na kudai chakula, mahubiri yakiwa bado kwa Ibrahimu na Sara. Alizipanga karatasi, akakohoa, akatazama saa ya ukutani.

"Wapendwa," alisema, "nimetayarisha neno. Lakini muda uliobaki unatosha neno, au unatosha viapo. Hautoshi vyote viwili."

Yumkini alikusudia kuwaachia nafasi ya kujuta. Kanisa zima lilijibu kwa sauti moja, ya kwaya, ya wazee, ya watoto, na ya Senge Rispah juu ya zote: "Viapo!"

Pasta alitazama karatasi zake kwa huzuni ya kweli, akazikunja, akazitia mfukoni, na akashuka.

Viapo vilienda haraka. Sifuna aliapa bila kukosea hata neno. Ilipofika zamu ya pete, pete ambayo siku ya kujaribiwa ilikwama kwenye kifundo ilipita leo kwa ulaini wa ajabu, kwa sababu ya grisi ya injini iliyobaki kidoleni, na Sifuna akabaki na vidole vyeusi akivitazama kwa furaha kama mtu aliyepakwa mafuta matakatifu. Pasta akawatangaza mume na mke. Vigelegele vilipanda mpaka kwenye mabati. Dakika nne zilikuwa zimebaki, na kwa mujibu wa waumini wa siku nyingi, jambo kama hilo halijawahi kuonekana katika kanisa lile.

Mzee Kibiwott alikuwa bado anapeana mikono na wakwe pale bwana harusi wa pili, mwenye tai ya kijani, alipopenya katikati ya watu mpaka mbele. Alimsogelea Pasta, akautupia jicho mfuko wenye karatasi za mahubiri, akamwinamia kwa adabu.

"Pasta, samahani. Na sisi tumechelewa sana."

"Ninyi?" Pasta Mukhisa alishangaa. "Ninyi mmefika mapema. Nimewaona kwa macho yangu."

"Hapana, Pasta," alisema yule bwana harusi, na nyuma yake bibi harusi wake, wasimamizi wake na kamati yake yote ya kijani na dhahabu walitikisa vichwa kwa pamoja. "Tumechelewa."